Kuku wa Mguu wa Mwiko

Ko.

Halafu kimya. Halafu ko, kwa mara nyingine, juu ya sakafu ya saruji, kama mtu anayegonga meza kwa ncha ya kidole huku akiwaza jambo.

Ni saa tisa usiku katika nyumba namba nne, ploti ya mabati iliyo mwisho kabisa wa Noonkopir, mjini Kitengela. Ukivuka ua wa ploti hii hakuna nyumba nyingine. Ni uwanda tu, nyasi na giza. Ukungu wa Julai umeshuka ukajaza uchochoro. Immaculate Wanyonyi, mwenye umri wa miaka thelathini na mmoja, amelala chali kitandani, macho wazi. Hasogei. Anahesabu.

"Ni hatua kumi na moja kutoka chini ya kitanda mpaka mlangoni," anaeleza. "Ikifika ya kumi na moja, anasimama. Hapo hata mimi nashika pumzi."

Ubavuni mwake bintiye Lorine, miaka sita, naye yuko macho. Mama anajua, maana vidole vidogo vimeshika ukosi wa gauni lake. Lakini Lorine hasemi kitu. Tangu Aprili hakuna mtu katika ploti hii aliyemsikia akitamka neno kwa sauti.

Anayetembea gizani ni kuku. Jike, mwekundu, mwenye madoa meupe shingoni kama aliyemwagiwa unga. Jina lake ni Nafula. Mguu wake wa kulia ni ule aliozaliwa nao. Wa kushoto ni kipande cha mpini wa mwiko.

Nafula anasimama mbele ya mlango, kichwa chini, jicho moja likitazama pale mlango unapokutana na sakafu. Husimama hivyo dakika tano, wakati mwingine kumi. Halafu hugeuka. Ko. Ko. Kumi na moja tena, mpaka chini ya kitanda.

Saa kumi kasorobo Immaculate anajifunga leso na kwenda kuchinja kuku wengine.

Hiyo ndiyo kazi yake, na ameifanya kwa miaka sita. Nyuma ya bucha moja karibu na stendi ya Kitengela kuna kibanda chenye meza ya mbao, pipa la maji ya moto na kamba ndefu ya kutundikia. Kuku hufika usiku wakiwa kwenye matenga. Lazima wawe wamechinjwa, wamenyonyolewa na kupangwa kabla ya saa moja, pikapu ya hoteli za Nairobi inapopiga honi. Immaculate huandaa thelathini kwa siku za kawaida. Ijumaa hufika hamsini. Kila kuku mmoja ni shilingi tano.

Maji hayapimwi kwa kitu chochote ila kidole. Anachovya mara tatu. Kama kidole kinavumilia mara ya tatu, bado. Kama hakivumilii hata mara ya pili, yamepita, ngozi itachanika na hoteli itarudisha.

Kitu cha kwanza kuondoka ni miguu. Anaishika, anatafuta kifundo kwa ukucha wa kidole gumba, na kisu kinapita pale pale. Hapigi, hasukumi. Inachukua muda wa kupepesa jicho.

"Kisu hakikati mfupa," anasema. "Kinapita katikati ya mfupa na mfupa. Ukisikia kisu kimelia, jua umekosea, na huyo kuku atakuwa na vipande vya mifupa."

Wenzake humtania kila akifika. "Daktari wa kuku ameingia!" anaita mmoja kutoka kwenye mvuke. "Dokta, wagonjwa wako wanakungoja, na leo pia hakuna atakayepona!"

Immaculate hucheka. Siku zingine kicheko hakitoki.

Alikuja Kitengela mwaka 1992 kutoka upande wa Kimilili, Bungoma, akimfuata mumewe Dalmas, ambaye huvunja mawe katika timbo la huko karibu na Kajiado na kurudi nyumbani mwisho wa mwezi. Siku nyingine zote ni yeye na mtoto. Na kwa kuwa kazi huanza watu wakiwa wamelala, kuna jambo alilokuwa akilifanya ambalo mama wengi wa ploti hufanya na hawalisemi.

Alikuwa akimfungia mtoto ndani.

Milango ya ploti hii ina komeo kwa ndani. Kwa nje kuna mnyororo unaopita kwenye tundu la mlango na tundu la nguzo, halafu kufuli. Kufuli lenyewe ni la kubonyeza. Kulifunga hakuhitaji ufunguo, kulifungua ndiko kunakohitaji. Ufunguo Immaculate aliuvaa shingoni, umefungwa kwa utepe wa leso kuukuu. Saa kumi anafunga, saa mbili anafungua. Lorine alizoea. Alikuwa akiamka, anakunywa chai ya chupa, anacheza peke yake mpaka mwanga uingie kupitia mwanya uliokuwa chini ya mlango, mpana kama kiganja.

"Nilijiambia, kukiwa na kufuli hakuna mtu ataingia," anasema. "Mimi nilifikiria tu juu ya kuingia."

Aprili mwaka huu wa 1999, mvua zilipoanza, mama mkwe wake alikuja kuwatembelea. Alishuka basi akiwa na kikapu, na kwenye kikapu kichwa cha kuku kikichungulia kama abiria aliyepitiwa na kituo chake.

"Huyu si wa sufuria," bibi huyo aliwaambia kabla hata ya kusalimiana vizuri. "Huyu ni wa Lorine. Mtoto awe na mtu wa kubaki naye."

Kwa sababu alikuja na mvua, walimwita Nafula, kama wanavyoitwa wasichana wa Kibukusu waliozaliwa wakati wa mvua.

Kuku mgeni hufungwa mguu. Hilo halina mjadala, awe ametoka Bungoma au Machakos: anafungwa siku saba, mpaka ajue kwamba hapa ndipo kwake, asije akaondoka kutafuta nyumbani. Lakini hufungwa kwa kitambaa laini, utepe wa leso kuukuu kwa mfano. Utepe aliokuwa nao Immaculate ulikuwa shingoni mwake, umeshika ufunguo. Basi akachomoa uzi wa nailoni kwenye gunia la sukari, akafunga ncha moja kwenye mguu wa kitanda na nyingine kwenye mguu wa kuku.

Siku nne zilipita salama. Ya tano alirudi kutoka kazini saa mbili asubuhi, akakuta manyoya mekundu yametapakaa nje ya mlango, kwenye tope.

Anasimulia hivi, polepole, akitazama mikono yake. "Kufuli lilikuwa sawa. Mnyororo sawa. Nikafungua. Lorine alikuwa ameketi sakafuni, nyayo zake mbili amezikaza kwenye ubao wa chini wa mlango. Uzi ameuzungusha kwenye vidole mpaka vimekuwa bluu. Kuku yuko mapajani. Sijui alivuta muda gani. Sijui alikuwa anavutana na nini."

Kitu kilikuwa kimepita chini ya mlango kikamshika Nafula. Mguu wa kushoto ulikuwa umevunjika chini ya kifundo, na pale uzi ulipokuwa, ngozi ilikuwa imevuliwa kama soksi.

"Nilimuuliza, mama, ni nini ilikuja? Akaweka mdomo kwenye sikio langu. Nikangoja. Akanong'ona, 'Maji.' Alikuwa na kiu. Ni hivyo tu."

Tangu asubuhi hiyo Lorine huongea kwa kunong'ona, na ni masikio mawili tu yanayopata: la mama yake na la kuku. Mwalimu wa nasari alidhani ni ukaidi, kisha akadhani ni bubu. Januari anatakiwa kuingia darasa la kwanza. Huko mtoto huitwa mbele, huulizwa jina lake, na jina halijibiwi kwa kunong'ona.

Ploti ilikuwa na jibu tayari: fisi. Usiku wa mvua fisi huja mpaka kwenye mashimo ya taka ya Noonkopir. Kila mtu amewahi kuwasikia. Wanaume walitazama manyoya, wakatikisa vichwa, wakaenda kazini.

Asiyekubali alikuwa mama mmoja wa Kimaasai anayeuza maziwa mlango kwa mlango.

"Sopa," alisalimu kama kawaida.

"Epa," Immaculate akajibu.

Mama huyo akaweka mtungi chini, akainama mbele ya mlango wa namba nne, akatazama tope kwa muda mrefu.

"Fisi angechimba," akasema.

"Kwa hivyo ni nini?"

"Mimi nauza maziwa," akajibu, akajitwisha mtungi wake. Kabla ya kuondoka alimmiminia Lorine nusu kikombe cha bure. Tangu siku hiyo hafiki tena kwenye mlango huo. Husimama langoni na kuita kutoka huko.

Siku ya tatu mguu wa Nafula ulianza kuwa mweusi. Immaculate alimbeba hadi kwa Waweru, muuza dawa za mifugo. Waweru alimgeuza kuku, akanusa kidonda, akamrudisha kikapuni.

"Mama Lorine, niko na dawa ya ng'ombe, ya mbuzi na ya mbwa. Dawa ya hii ni sufuria na kitunguu."

Watu waliokuwa dukani wakacheka. Lorine alikuwa amesimama pale pale, mkono ndani ya kikapu.

Immaculate alinunua chupa ndogo ya dawa ya kidonda, ile ya zambarau, akarudi nyumbani. Usiku huo aliwaza jambo ambalo, anasema, lilimfanya aogope mikono yake mwenyewe. Miguu elfu ngapi ya kuku imepita kwenye kisu chake? Anajua kifundo kilipo hata akifumba macho. Hajawahi tu kukikata kwa kuku anayetakiwa kuamka kesho yake.

Jumapili adhuhuri, majirani wakiwa kanisani, alichemsha kisu kwenye sufuria ya chai. Akafunga uzi safi juu ya kifundo, akakaza. Lorine akamshika Nafula kichwa na kumfunika macho kwa kona ya leso, mdomo wake karibu na pale lilipo sikio la kuku, akinong'ona bila kukoma. Ukucha ukatafuta. Kisu kikapita.

"Hakikulia," anasema Immaculate. "Namshukuru Mungu, hakikulia."

Siku mbili Nafula hakula. Ya tatu alidonoa punje moja ya mahindi kutoka kiganjani mwa mtoto, kisha ya pili, kisha akadonoa kiganja chenyewe kwa hasira kwa kuwa mahindi yalikuwa yamekwisha.

Mguu mpya ulitengenezwa na jirani wa namba sita, Wathome, seremala.

"Mimi hutengeneza vitanda," Wathome alilalamika, akimpima Nafula kwa kamba kama anayempimia suti. "Nikiulizwa kwetu Machakos kazi yangu ni gani, nitasema nini? Natengenezea kuku miguu?" Lakini aliutengeneza. Alikata mpini wa mwiko uliovunjika, akautoboa kwa msumari wa moto, akautandika ndani kwa tyubu ya baiskeli na pamba.

Kila jioni Lorine huuvua. Huosha kigutu kwa maji ya chumvi, hubadilisha pamba, hukagua wayo wa mguu mzima, kwa maana mguu unaobeba mwili wote huota kidonda chini. Hana papara. Dalmas aliporudi mwisho wa mwezi akaona mambo hayo, alisimama mlangoni na mfuko wake begani.

"Niliacha mke na mtoto," akasema. "Sasa niko na mke, mtoto, na mzee wa mkongojo."

Alicheka peke yake. Usiku huo, saa tisa, alisikia hatua zikielekea mlangoni, zikasimama. Asubuhi hakutania tena. Aliuliza tu, "Huwa anaangalia nini?"

 Wiki moja baada ya kupata mguu, Nafula alikuwa ameanza matembezi yake. Usiku baada ya usiku, saa ile ile. Mabati hayafichi sauti; namba tatu walisikia, namba tano walisikia. Watoto wa ploti walianza kukimbia wakipita namba nne.

Halafu, asubuhi moja ya Juni, Nafula aliwika.

Hakulia kama jike linalotaga. Aliwika kama jogoo, shingo juu, mara moja, kwa sauti nzito. Katika ploti ya wapangaji kumi na wawili kuna Wabukusu, Wakikuyu, Wakamba na Mjaluo mmoja, na hawajawahi kukubaliana hata juu ya zamu ya kufagia choo. Kwa hili walikubaliana kabla chai haijachemka. Jike likiwika, linaita msiba. Halikai hai nyumbani kwa watu.

Mwenye ploti, Zipporah, ni mjane wa miaka sitini aliyehamia hapa kutoka Kiambu alipouza kipande cha shamba. Alikuja na wapangaji wanne nyuma yake.

"Mama Lorine, mimi ni mtu wa kanisa," alisema, "na hayo mambo siyataki kuyaamini. Lakini watu wanataka kuhama. Nimekupa mpaka Jumamosi. Wewe ndiye unajua kazi ya kuchinja. Utuondolee hiyo kuku."

Lorine alisikia. Hakulia. Aliingia chini ya kitanda na hakutoka mpaka giza.

Ijumaa alfajiri Immaculate alimweka Nafula kikapuni, akaenda naye kazini, ili mtoto asione. Alichinja kwanza wengine wote hamsini. Kisha akamtoa na kumlaza mezani. Ukucha ukatafuta pale unapotafuta kila siku. Nafula hakupigana. Alinyoosha tu mguu wake wa mti, ukagonga meza.

Ko.

Kibanda kizima kiligeuka kutazama. Hata yule wa kumwita daktari alisimama na kuku mkononi, maji yakimchuruzika.

"Nilifikiria," anasema Immaculate, "huyu ndiye peke yake aliyekuwa na mtoto wangu siku ile. Mimi sikuwa. Kama kuna mtu anajua Lorine aliona nini, ni huyu. Nimuue, halafu nani abaki anayejua?"

Akamrudisha kikapuni. Jioni alibisha kwa Zipporah.

"Mama, njoo ulale kwangu usiku mmoja. Usikie mwenyewe. Ukisema afe, nitamchinja asubuhi mbele yako."

Zipporah alikuja na blanketi, tochi na Biblia. Walifunga komeo kwa ndani. Kwa nje mnyororo uliachwa ukining'inia na kufuli lake wazi, kama unavyoachwa mwenye nyumba akiwa ndani. Mama huyo alikaa kwenye kigoda, mgongo ukutani, akasema hatalala. Saa nne alikuwa anakoroma.

Saa tisa aliamshwa na ko ya kwanza.

"Nilihesabu," Zipporah anakumbuka. "Walikuwa wameniambia ni kumi na moja. Zikafika kumi na moja, ikasimama. Nikasema, haya, ni kuku tu amesimama. Halafu nikasikia mnyororo."

Hakukuwa na upepo. Ukungu wa Juni haukai pamoja na upepo. Mnyororo ulisogea kidogo, ukatulia, ukasogea tena, taratibu, kama unaoshikwa na mtu asiyetaka kuamsha wenye nyumba.

"Nani?" Zipporah aliita.

Mnyororo ukasogea tena.

"Ni nani, kwa jina la Yesu?"

Ndipo Nafula akawika. Ndani ya chumba kidogo cha mabati ilikuwa kama kengele ya shule. Aliwika mara tatu. Na baada ya ya tatu, wanawake hao wawili walisikia tope likinyonya na kuachia, likinyonya na kuachia. Hakuna aliyekuwa anakimbia. Kitu kilikuwa kinaondoka tu.

Hawakufungua mpaka kulipokucha. Na kulipokucha, mlango haukufunguka.

Immaculate alivuta komeo, akasukuma. Ukaenda kiasi cha kidole, ukakwama. Mnyororo ulikuwa umepitishwa kwenye matundu yote mawili na kufuli limebonyezwa. Walikuwa wamefungiwa ndani.

"Nimefunga mlango ule mamia ya mara," anasema. "Siku hiyo ndiyo ya kwanza kuuona kutoka upande huu. Ukisukuma unakataa. Unaita, sauti inarudi kwako. Nilisimama pale nikiwa mtu mzima, na Mama Zipporah yuko na mimi, na bado naogopa. Nikaangalia Lorine. Hakuwa anashangaa. Alikuwa ananiangalia vile mtu anakuangalia akikuonyesha kitu."

Wathome alipofika upande wa nje, njia ya kumpa ufunguo ilikuwa moja tu. Immaculate akapiga magoti, akautoa shingoni, akaupitisha mkono wake kwenye mwanya chini ya mlango.

Hapo Lorine alimrukia. Alishika kiwiko cha mama yake kwa mikono yote miwili, akakaza nyayo kwenye ubao wa chini wa mlango, akavuta kwa nguvu zake zote, meno yameuma mdomo wa chini, hatoi hata mguno. Zipporah alilazimika kumbandua kidole kimoja kimoja.

Wathome alifungua. Alilitazama kufuli mkononi mwake, halafu akautazama uwanda.

"Kama ni mwizi," alisema, "basi ni wa kwanza kuja kufunga badala ya kufungua."

Ilikuwa mzaha. Hakuna aliyecheka, naye hakurudia.

Wapangaji wote waliapa kwamba si wao. Labda mlevi, walisema. Labda mtu aliyetaka kuwatisha wamchinje kuku. Fisi hakutajwa tena na yeyote, kwa kuwa fisi habonyezi kufuli.

Zipporah alisimama katikati ya ua akiwa bado amejifunika blanketi. "Hiyo kuku ikae," aliwaambia. "Anayetaka kuhama ahame. Mimi nimesikia ile kitu ikiondoka, na nimesikia nani aliyeifukuza."

Jumatatu aliita fundi. Mwanya chini ya mlango wa namba nne ulizibwa kwa kizingiti cha saruji, kipana kama tofali, na mnyororo wa nje ukakatwa. Baadaye milango yote kumi na miwili ilifanyiwa hivyo. Siku hizi saa kumi kasorobo Immaculate hamfungii mtoto. Humbeba akiwa na usingizi, Nafula kwapani, hadi kwa Zipporah, na majirani wa milango mitatu hubishiana hodi kuulizana kama wameamka salama. Kabla ya hapo hawakuwa wakisalimiana namna hiyo.

Kuna mpango pia. Nyuma ya ploti Zipporah ana banda la zamani alilokuwa akifugia mbuzi. Amemwambia Immaculate alitumie, walipane kuku wakianza kuuzwa. Wathome ameahidi milango, mradi hakuna atakayemwagiza miguu. Immaculate anataka kuanza na vifaranga hamsini kabla ya Desemba, awafuge na kuwaandaa mwenyewe, awapeleke kwenye hoteli za hapa hapa Kitengela na Isinya.

"Nataka kazi inikute nyumbani, na iwe mchana," anasema. "Sitaki tena kutoka gizani na kuacha mtu nyuma yangu."

Kuhusu darasa la kwanza, hamsukumi mtoto. Hajamuuliza tena alichokiona. Anasema swali hilo amelifunga yeye, na atakayelifungua ni Lorine.

Usiku wa Jumamosi iliyopita, saa tisa, ukungu ulikuwa mzito kiasi cha kulowesha mabati hata kwa ndani. Immaculate alikuwa macho. Ko. Akahesabu. Tano. Nane. Kumi na moja. Nafula akasimama mbele ya kizingiti kipya, kichwa chini.

Vidole vikaachia ukosi wa gauni. Kitanda kikalia kidogo. Immaculate alisikia miguu midogo ikigusa sakafu, ikitembea hadi mlangoni, kisha mtu akilala kifudifudi juu ya saruji, shavu kwenye kizingiti, kando ya kuku. Hakumwita. Alishika blanketi kwa mikono miwili na kungoja.

Walikaa hivyo, mtoto na kuku, wakisikiliza. Maji yakadondoka kutoka paani mara moja. Kisha Nafula akageuka. Ko. Ko. Akarudi zake kuelekea kitandani, na usiku huo alisinzia kabla hata hajafika.

Lorine alibaki kidogo peke yake. Akainuka. Sauti iliyotoka ilikuwa na kutu, nzito kuliko ile aliyokuwa akiikumbuka mama yake, lakini ilifika kila kona ya chumba, na namba tano waliisikia.

"Mama, leo hakuna mtu."